Adapta ya "nchi zote": nunua, ila kagua pini kwanza

Adapta ya mchemraba, ile yenye pini za kusukuma ndani na nje, inastahili nafasi kwenye begi la anayesafiri na simu, kamera na laptopu. Kwa pasi, draya ya nywele au birika la umeme, haifai. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Volti inabaki ileile ya ukutani. Japani ni 100, Marekani 120, Ulaya 230. Soma maandishi madogo kwenye chaja: yakisema "100-240V, 50/60Hz", chaja hiyo itafanya kazi kokote. Draya ya volti 120 pekee ukiichomeka kwenye 230 itavuta karibu mara nne ya wati zake, na itaungua.

Tarakimu ya wati kwenye boksi nayo isikudanganye, kwa kuwa kwa kawaida imepigwa hesabu kwa volti za juu. Zidisha mwenyewe ampea za fyuzi kwa volti za unakokwenda. Fyuzi ya ampea 6 inabeba wati 1,380 kwenye volti 230, lakini 600 tu kwenye volti 100. Chagua adapta ambayo fyuzi yake inafunguka na kubadilishwa, maana fyuzi iliyozibwa ndani ikikatika, adapta nzima ni ya kutupa.

Udhaifu mkubwa uko kwenye pini. Zile mbili za mviringo za Ulaya mara nyingi zina unene wa milimita 4, ilhali plagi kamili ya Ujerumani ina 4.8. Soketi za huko zimezama ukutani, na mchemraba mzito unaning'inia humo kwa pini hizo nyembamba. Mguso ukilegea huja cheche, kisha joto, kisha harufu ya plastiki. Ukiisikia, zima na uchomoe. Uswisi ni shida zaidi: soketi nyingi zina shimo jembamba la pembe sita ambalo mwili wa mchemraba hauingii. Pini nene za Afrika Kusini hazimo kabisa kwenye adapta nyingi za aina hii.

Halafu kuna waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme unaovuja ardhini badala ya kwako. Ile pini ya tatu ya Uingereza kwenye adapta hizi kwa kawaida ni plastiki tupu, kazi yake kufungua vifuniko vya soketi. Haipitishi ardhi, ndiyo maana laptopu yenye mwili wa metali huweza kukuwasha kidogo vidoleni inapochaji.

Dukani, sukuma seti moja ya pini nje, kisha jaribu kutoa ya pili. Ikitoka, rudisha rafuni: pini hizo za pili zitakuwa na umeme huku ziko wazi.

Upande wa USB, angalia wati za kila tundu, usitosheke na jumla. Laptopu nyingi zinataka wati 45 hadi 65 kupitia USB-C. Ukiongeza kebo ya pili, adapta nyingi hukata chaji kwa sekunde chache na kugawa upya, na laptopu inaweza kubaki na wati zisizotosha.

Anayekwenda nchi moja tu ananufaika zaidi na adapta ya nchi hiyo, yenye ardhi ya kweli, pamoja na ekstensheni fupi aliyozoea nyumbani. Ni nyepesi, inakaa imara, na vifaa vitatu vinachaji kwa soketi moja.