Kifyonzi cha mdomo cha kukusanyia mchwa jangwani: kinunue, ila chujio na chupa zake zibadilishe

Jangwani usitegemee kuongozwa na vichuguu. Mchwa kama Psammotermes, jenasi (kundi la spishi zenye nasaba) ya Sahara na Namib, hujificha mchangani na ndani ya kuni kavu. Ukiinua gogo, wanatawanyika mara moja, na kibano hakiwawahi. Kwa kazi hiyo kifyonzi hiki ni kizuri kweli: kizibo kimoja, mirija miwili, mmoja wa kuvutia pumzi na mwingine wa kupitisha mchwa.

Kasoro kubwa ni chujio. Wavu wake unazuia mdudu lakini unapitisha vumbi, nalo linaishia kifuani mwa mkusanyaji. Ongeza kitambaa laini cha kusuka mara mbili, au badala ya mdomo tumia balbu ya mpira. Mchanga ukiingia chupani, mwaga mapema. Ukitikisika pamoja na mchwa hukata papasi (vipapasio vya kichwani) na kukwangua vinyweleo, na idadi ya vinyweleo kichwani mwa mchwa askari ni mojawapo ya alama za kutenganisha spishi.

Askari ndio roho ya kazi ya kutambua spishi, na kwa kawaida ni wachache kuliko wafanyakazi. Kwa Amitermes, jenasi nyingine ya mchwa, kwa mfano, hutazamwa umbo la taya na mahali lilipo jino lake. Kwa hiyo usiondoke na wafanyakazi watupu; endelea kuchimba, na kumbikumbi wakiwepo wachukue pia. Wahamishe kwa brashi iliyolowa, maana kibano cha chuma huvunja miguu.

Chupa zinazokuja nacho hazifai. Vifuniko vyake vya kubana hulegea kwa joto, ethanoli (alkoholi ya kuhifadhia) inavukiza, sampuli inanyauka na vipimo vya upana wa kichwa vinaharibika. Tafuta za kuzungusha, zenye mpira ndani. Gawa sampuli ya kila koloni mafungu mawili yenye namba moja: ethanoli ya asilimia 80 kwa kuchunguza umbo, ya 95 au zaidi kwa DNA. Hiyo kali hufanya viungo vikatike kirahisi, hivyo usiitumie peke yake.

Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya chupa: viwianishi vya mahali vya GPS, tarehe, mkusanyaji, na walikookotwa mchwa. Wino wa biro huyeyuka. Holotipu, yaani kielelezo rasmi cha spishi mpya, ni mdudu mmoja tu, na makala ya spishi mpya lazima itaje anahifadhiwa wapi. Lebo ikifutika, hata askari mzima kabisa hafai tena kupewa nafasi hiyo.