Tahadhari kwa Mafundi: Chuma cha Dai Kinachodaiwa Kugandishwa kwa Naitrojeni

Ndugu mafundi wenzangu, kuna muuzaji wa vyuma pale Gerezani, Dar es Salaam, anayewauzia watu panchi na vipande vya dai, yaani vyombo vya kutobolea na kukatia bati kwenye presi, akisema kwamba ni vya D2, chuma kigumu cha kutengenezea vifaa, kilichogandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Mimi ameniuzia kwa bei inayokaribia mara tatu ya D2 ya kawaida, na fedha yenyewe ilikuwa malipo ya awali ya mteja aliyeniagiza bawaba.

Alinipokea kwa heshima zote, akaniita mzee, akanivutia kiti. Kisha akavaa glavu za ngozi, akafunua boksi jeupe la foamu la kuhifadhia samaki, na moshi mzito ukamwagika hadi sakafuni. Akatoa kipande kilichovikwa theluji, akakidondoshea maji, nayo yakaganda papo hapo mbele ya macho yangu. Ubaridi ulipokitoka akanipa tupa nijaribu mwenyewe. Nikaikandamiza kwa nguvu zangu zote, ikateleza kama inapita juu ya kioo. Vijana wake wakacheka kwa adabu, nami nikatoa simu nikalipa.

Msinione mjinga, kwa maana maelezo yake mengi yalikuwa ya kweli. Alieleza kwamba D2, yenye takriban asilimia 1.5 ya kaboni na asilimia 12 ya kromu, ikishapashwa moto zaidi ya nyuzi 1,000 na kupozwa, haigeuki yote kuwa matensaiti, yaani ile hali ngumu ya chuma. Sehemu hubaki kuwa ostenaiti, ambayo ni laini, na ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri huigeuza sehemu kubwa ya hiyo iliyobaki. Alitaja hata kabaidi, chembe ngumu ndogondogo za kaboni na metali, zinazosaidia makali yasilike haraka. Mtu anayeyajua hayo utamdhania tapeli kwa lipi?

Panchi ya kwanza ilipoingia kwenye presi, ukingo wake ulibinuka kabla hata ya kumaliza bati moja. Nikaikata kwa diski ya grinda, na cheche zikatoka ndefu, zisizo na matawi, cheche za chuma cha kawaida cha kuchomelea mageti. Ndani, tupa ileile iliyoteleza dukani ikauma bila shida. Ugumu ulikuwa ngozi tu, unene wa milimita moja hivi, uliopatikana kwa kupika chuma laini ndani ya makaa, na chuma cha namna hiyo hata ukikizamisha kwenye naitrojeni mwezi mzima hakitakuwa D2, kwa sababu kaboni ya kukigeuza haimo.

Mtu huyu anastahili kufungwa. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia kujipatia mali kwa udanganyifu, na adhabu yake inaweza kufika miaka saba. Kwangu mimi hata hiyo ni ndogo, maana panchi ikipasuka chini ya presi inaweza kumtoa kijana jicho. Afungiwe duka, mzigo wake wote uchukuliwe, na Tume ya Ushindani imshughulikie kwa bidhaa bandia.

Theluji juu ya chuma haithibitishi chochote, kwani kazi ya kugandisha chuma ikishafanyika haionekani kwa macho, na moshi ule hutoka hata kwenye barafu kavu, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 78 tu chini ya sifuri. Aliniambia ugumu huongezeka maradufu, ilhali ongezeko la kawaida ni pointi moja au mbili za Rokwel, kipimo cha ugumu wa chuma. Faida kubwa iko kwenye kustahimili kulika. Alisema pia kwamba chuma chake hakihitaji kutempwa, yaani kupashwa moto tena kwa kiasi ili kisivunjike ovyo, na hapo ndipo uongo ulipo wazi, kwa kuwa matensaiti mpya isiyotempwa hupasuka kirahisi. Risiti yake ni ya mkono, si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa halikuwa lake. Kabla ya kulipa, omba kipande kikatwe katikati, upitishe tupa kwenye kiini.

Kipande nilichokikata kipo karakana, pamoja na risiti na ujumbe wa malipo. Aliyeuziwa kama mimi alete vyake, twende polisi kwa pamoja.