Mwaka mmoja na Speedway, mashine ya sarafu ya 1969

Naishi Chicago, na humu humu mjini ndimo kampuni ya Chicago Coin ilimoitengeneza mashine hii ya mchezo wa mbio za magari mwaka 1969, miaka mitatu kabla ya Pong, mchezo wa video wa mwanzo kuvuma. Niliinunua mwaka jana. Ni kabati refu la mbao lenye usukani, pedali ya mafuta na kioo mbele.

Muuzaji aliniapia kwamba inafanya kazi. Nikaifikisha nyumbani, nikatumbukiza senti 25: balbu ikawaka, mota ikanguruma, basi. Mchezo hauanzi! Roho iliniuma sana, maana hela ilikuwa imeshatoka.

Nikafungua mlango wa nyuma. Jamani, ule msitu wa nyaya! Relei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, zimepangwa safu kwa safu, kila moja na sumaku yake na vibati vyake vya kugusana. Nilikata kipande cha kadi ngumu, nikakipitisha katikati ya vibati viwili huku nimevibana kwa kidole, nikavuta. Kadi ikatoka na mstari mweusi kama masizi. Nilizisafisha hivyo relei zote kwa jioni kumi na moja, huku waya wa umeme nimeuchomoa ukutani. Msitumie msasa wala mafuta: msasa unakwangua vibati, mafuta yanakamata vumbi.

Siku mashine ilipoamka sikulala. Hakuna kompyuta ndani. Magari ya wapinzani ni picha kwenye visahani vinavyozunguka. Taa inavimulika, vioo vinakuletea taswira mbele ya macho. Kampuni ya Kasco ya Japani ilitangulia na mbinu hiyo kwenye mashine yake ya Indy 500. Rangi zinameremeta gizani kuliko michezo mingi ya video iliyofuata, na ukigonga gari la mbele mlio wa ajali unakushtua kweli. Mwanangu wa miaka tisa ameacha simu mezani kwa ajili yake.

Ni nzito, tuliibeba watu wanne. Inapiga kelele, na vipuri ni vya kuwindwa. Anayefikiria kuipeleka Dar au Mombasa ajue kwamba imeundiwa umeme wa Marekani: transfoma itashusha volti, lakini mota za aina hii zikipewa umeme wa huko wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) badala ya 60 wa Marekani huzunguka polepole zaidi.

Kama hupendi kushika bisibisi, tafuta iliyokwisha kukarabatiwa, na uicheze mwenyewe nusu saa nzima kabla ya kulipa. Yangu siuzi.