TAHADHARI: Plaizi za kukatia reli, jamaa wa Gerezani

Wadau, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu nayo ninayo, ila nikinyamaza mtaliwa na nyie. Kuna kijana Gerezani anauza plaizi za kukatia reli za treni ndogo za mfano, hizi tunazochezea nyumbani, anadai ni Xuron halisi ya Marekani. Mkimbieni.

Nilimfuata kwa ajili ya ile kona ya njia ya treni yangu, wengine mnaijua. Msumeno wa chuma ulikuwa unaitikisa reli mpaka inachomoka kwenye mataruma. Akanipokea vizuri: "Shikamoo mzee wangu, karibu ukae." Akatoa plaizi ya vishikio vyekundu, akaokota kipande cha reli ya kodi 100 (namba ya kipimo cha reli), ile ya kimo cha milimita 2.54, akageuza upande bapa wa meno uelekee kipande kitakachotumika, akabana mara moja. Ta! Nikapitisha kidole, hata pa kupiga tupa hapakuwepo.

Sasa mtu anayejua upande bapa ukae wapi, utamshuku kwa lipi? Alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba plaizi hizi huacha ncha moja safi na nyingine imebinywa. Akanionya nisikatie waya mgumu wa chuma, meno yatamegeka. Yote ni kweli tupu! Huyo ni mtu wa kazi kabisa, au ndivyo ungesema na wewe ungekuwepo.

Nikalipa 85,000 kwa simu. Akasema, "Hii ni ya kuonyeshea, imeshatumika, wewe nakupa mpya." Akavuta pakiti chini ya meza, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akapiga stepla huku ananiuliza habari za watoto. Hapo ndipo aliponimaliza.

Nyumbani nikaielekeza kwenye taa: meno hayakutani, mwanga unapita katikati. Nikajaribu hivyo hivyo. Kichwa cha reli kikapondeka, kiungio hakiingii, behewa likifika pale linaruka. Na reli yenyewe ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, wala si chuma cha kutisha! Pande zima la sentimita 91.4, lile aliloniletea shemeji kutoka Uingereza, limeharibika, na kwa hapa Dar sijui nitalipata duka gani.

Nikampigia. "Mzee wangu, utakuwa umekata vibaya." Kisha akaniblok. Mimi! Niliyekata reli tangu yeye hajaanza shule!

Huyu akamatwe. RB nimeshafungua. Arudishe hela ya kila aliyemwibia, meza ivunjwe, na akae ndani ajifunze adabu. Wenzake wa jirani waliokuwa wanacheka pale nao waulizwe, maana hawawezi kusema hawajui.

Dalili? Zilikuwepo. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa halikuwa lake. Risiti ya EFD akasema mashine mbovu. Pakiti haikuwa na jina la kiwanda popote. Ukinunua kwa yeyote, fungua pakiti pale pale na ukate kwa hiyo hiyo utakayoondoka nayo, na kipande cha reli nenda nacho wewe.

Nasikia kahamia upande wa Msimbazi na laini amebadilisha. Mwenye namba yake mpya anitumie leo leo, askari anaisubiri.