Jezi ya Marchand namba 63 yenye herufi C: bado inafaa kununuliwa?

Machi 2025 Boston Bruins, timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Marekani, walimpeleka nahodha wao Brad Marchand (C kifuani ni alama ya nahodha) kwa timu ya Florida Panthers, wakapewa haki ya kuchagua chipukizi. Mashabiki wanabishana hadi leo, hasa kwa kuwa Florida walitwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi hiyo, Juni ya mwaka huo huo.

Jezi yenyewe ni nzuri. Chagua ya Adidas iliyoshonwa: saizi zake ni namba, 46, 50, 52, 54, na ndani mgongoni ina mkanda wa kuifunga jezi kwenye suruali ya mchezaji. Ipindue uangalie mishono ya namba. Kama zimebandikwa kwa joto tu, kingo hubanduka baada ya kufuliwa mara kadhaa. Fua kwa maji baridi, upande wa ndani nje, uanike kivulini.

Wapo wanaoifumua C kwa hasira. Msifanye hivyo! Sindano huacha matundu, na kitambaa kilichofunikwa hubaki na rangi nzito kuliko kilichopigwa jua, kwa hiyo herufi itaendelea kuonekana. Isitoshe, misimu 16 ya Boston haifumuliki. Kwangu, yenye C ndiyo ya kununua.