Bushi za poli kwenye VX 80: usifunge boksi zima!

Karibuni tena, wadau wa miguu ya gari. Leo kuna boksi mezani, na nalisema mapema kabisa: baadhi ya vilivyomo humu navipenda sana, na vingine nisingemruhusu fundi avifunge. Ni seti ya bushi, vile vipande vya mviringo vinavyokaa kwenye maungio ya miguu kati ya chuma na chuma, na hizi ni za poli, yaani poliyurethani, plastiki ngumu, badala ya mpira. Ni za Land Cruiser 80, ile VX ya koili springi mbele na nyuma iliyoanza kutoka mwaka 1990. Mambo ya injini na gia siyagusi, mwenye nayo anayajua. Tunaingia chini moja kwa moja.

Tuhesabu kwanza. Amu, zile fimbo nene zinazoshikilia ekseli kwenye chasisi, mbele ziko mbili, kila moja ina bushi tatu: mbili kwenye ekseli, moja kwenye chasisi. Hizo sita. Panadi, ile fimbo iliyokingama kutoka chasisi hadi ekseli, ya mbele ina mbili, ya nyuma mbili. Halafu nyuma kuna amu nne, mbili za juu na mbili za chini, na kila moja ina bushi huku na huku, kwa hiyo nane. Jumla 18, na bado hujagusa stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona. Boksi hili lina zote 18, limeandikwa seti kamili, na ndani hamna hata kipande cha karatasi cha maelekezo. Grisi yenyewe ndiyo hiki kipakiti. Hakimalizi hata upande mmoja wa gari! Jina la kampuni silitaji, ila mtu anayeuza poli bila grisi ya kutosha anakuuzia kelele.

Sogeza kamera hapa kwenye vaisi, hapa ndipo penye video yote.

Hii ni bushi ya mpira, jenuini, mpya. Nimechora mstari wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye bomba la ndani, unapita juu ya mpira, unaishia kwenye ganda la nje. Naweka bolti, naibana, nazungusha taratibu kwa spana. Angalieni mstari. Bomba limezunguka, ganda limetulia, mstari umepinda lakini haujakatika. Naachia. Umerudi. Mpira huu umegandishwa na chuma kiwandani, ndani na nje, hakuna kinachoteleza. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira unajisokota na kujirudisha, basi.

Sasa poli, mstari uleule. Nazungusha… umekatika hapohapo! Bomba linazunguka peke yake ndani ya poli. Kwa hiyo poli inaishi kwa grisi, ile ya silikoni inayokuja nayo, isiyosombwa na maji haraka. Vumbi likiingia na grisi ikaisha, gari linalia kama mlango wa zamani. Mpira ni kinyume chake: grisi ya kawaida na oili vinauvimbisha na kuulainisha. Ukiona fundi anapaka grisi bushi ya mpira ili iingie kwa presi vizuri, mzuie. Maji ya sabuni yanatosha.

Kipimo cha pili, na hiki ndicho kinachonifanya nipaze sauti. Naingiza bomba la chuma la nusu mita kwenye tundu la bushi, naliegemeza pembeni. Kwenye mpira, ona, linaegama, mpira unakubali upande huu unabanwa, upande ule unavutwa. Kwenye poli… nasukuma kwa mikono miwili. Linagoma.

Sasa chukua hilo ulipeleke mbele ya VX. Kila amu imeshikwa na bolti mbili kwenye ekseli, moja mbele ya ekseli, moja nyuma yake. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe na la kulia likizama kwenye korongo, amu mbili zinataka kukaa kwenye pembe tofauti, na ekseli yenyewe ni chuma kizima, haijisokoti. Kitu pekee kinachotoa nafasi ni mpira wa zile bushi nne. Mpira pale ni kiungo kinachofanya kazi kila sekunde. Ukiweka poli ngumu, mbele yote inageuka stabilaiza moja kubwa: gurudumu linaning'inia hewani mahali ambapo lilipaswa kukanyaga chini, na nguvu yote inahamia kwenye mabano ya ekseli na kwenye bolti. Kwa hiyo bushi nne za mbele kwenye ekseli, mpira jenuini. Hapo sibadiliki.

Panadi sasa. Hapo poli naipenda, naipenda kweli! Kazi ya panadi ni kuzuia ekseli isihame kushoto na kulia, na bushi yake ikichoka unalisikia gari linatangatanga, ukikanyaga shimo usukani unatetemeka mikononi. Namna ya kuipima: gari likae chini kwa magurudumu yake, injini iwake, mmoja azungushe usukani robo kushoto, robo kulia, mwingine atazame ncha mbili za panadi. Bolti ikicheza ndani ya bushi kabla ekseli haijasogea, imekwisha. Usipime gari likiwa kwenye jeki, huoni kitu. Ukifunga poli hapo, usukani unajibu mara moja, na hata grisi ikiisha ni rahisi kufungua bolti mbili ukapaka upya.

Nyuma? Ukinikamata nitakwambia weka poli, amu zina bushi moja tu kila ncha, zinavumilia. Lakini kama gari lako ni la porini, makorongo kila siku, kila nikiitazama hii bushi ilivyogoma kwenye vaisi narudi kwenye mpira. Kwa gari la lami na mizigo, sawa, poli.

Kwenye kufunga, mambo yanaharibikia hapa. Toa amu moja, irudishe, ndipo uende ya pili. Ukizitoa zote mbili za mbele, ekseli inajizungusha na matundu hayakutani. Yakigoma kukutana, weka jeki ndogo chini ya pua ya difu, inue kidogo kidogo, bolti itapita yenyewe. Bolti zilowekwe dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Kutoa bushi kuukuu tumia presi, ya tani 20 haihangaiki. Mtindo wa kuichoma kwa gesi kisha nyundo, hapana: moshi wake ni sumu, na amu yenyewe inaungua. Ganda likigoma, likate kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, ukikaribia amu simama, usiikwaruze. Na kama bushi ina matundu au alama, piga picha kabla ya kuitoa, mpya ikae vilevile.

Halafu kosa kubwa kuliko yote: kukaza nati gari likiwa juu, miguu inaning'inia. Kumbuka mstari wetu mweupe. Ukikaza hivyo, siku gari linashuka mpira tayari umesokotwa, na unaishi umesokotwa mpaka unachanika. Watu wanasema bushi feki, kumbe ilikazwa vibaya! Funga nati kwa mkono tu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, litikise, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo. Nati hizi zinavuka newtoni mita 150, namba kamili iko kwenye kitabu cha warsha.

Walioinua gari kwa springi ndefu, kasta yenu, ule mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, imepungua, usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Kuna bushi za kasta zenye tundu lililohama katikati, Old Man Emu wanazo, lakini zinakaa palepale kwenye ekseli, kwa hiyo mjadala wa ugumu unarudi. Video ijayo ya chaneli ni hiyo tu, kasta, kwenye mashine ya alaimenti.

Bei. SuperPro na Nolathane za Australia zinakuja na grisi na maelekezo, ndiyo tofauti unayoilipia. Hapa Gerezani, Kariakoo, omba bushi moja moja, usilazimishwe seti: mpira wa mbele jenuini, panadi poli. Fungua mfuko wa plastiki mbele ya muuzaji, tazama tarehe kama ipo, bonyeza mpira kwa kucha. Ukiona nyufa ndogo ndogo, umekaa rafuni miaka, mrudishie.

Ukishafunga, tembea kilomita 500, rudi na spana ya kipimo, pitia nati zote. Gari liwe chini.