Afande Mpole wa Texas

Wateja wangu wa saluni wanamwita Afande Lou, kana kwamba anakaa hapa kwenye kambi ya polisi, katika mojawapo ya zile nyumba ndogo za mabati tunazoziita mama ingia pole. Jina lake kamili ni Lou Ford, naibu sherifu wa mji mdogo wa Central City, Texas, na ndiye anayesimulia The Killer Inside Me, riwaya ya Jim Thompson iliyotoka mwaka 1952. Ni muuaji. Siharibu utamu nikisema hivyo, jina la kitabu limeshasema. Ninachowaonya ni kwamba mtampenda, na mtachelewa kujua ni nani mnayempenda.

Mimi ni mtoto wa polisi, nimekulia kambi ya Nsambya hapa Kampala, na saluni yangu haiko mbali na geti. Wengi wanaosukwa kwangu ni wake wa maaskari. Wengine ni maaskari wenyewe, wanaokuja siku ya mapumziko. Kitabu ni cha Kiingereza, basi nikawa nasoma usiku na mchana nawasimulia kwa Kiswahili huku nasuka. Mistari ile myembamba inakula nusu siku, na redio nayo ina mwisho wake.

Lou hatembei na bastola wala rungu. Amevaa nadhifu, anasalimia kila mtu, kwa akina mama ni heshima tupu. Kasoro yake moja ni kwamba anaongea kwa misemo ya wazee. Anamkamata mtu mlangoni mwa mgahawa, anamtolea moja ya haraka haraka haina baraka, ya pili, ya tatu, na yule mtu anataka kwenda zake lakini anaona haya kumkatiza afande. Unadhani ni bwege mwenye roho nzuri. Halafu anakwambia, taratibu kabisa, kwamba anafanya kusudi. Kuwatesa watu kwa maneno yaliyochakaa ndiyo njia yake ya kuwapiga bila kuwagusa, ili mkono utulie. Hapo ndipo niliposhika kitabu kwa mikono miwili. Nimewajua wakubwa wa aina hiyo. Mama ana miezi hajaona mshahara wa mumewe, anakwenda kuuliza, afande anamkaribisha kiti, anatabasamu, anamwambia mvumilivu hula mbivu. Mama anashukuru, anaondoka.

Katika sura hiyo hiyo ya kwanza kuna mlevi anayenyoosha mkono barabarani. Lou anamzimia sigara nene kiganjani. Ni mistari michache tu, kisha anaendelea na shughuli zake, na wewe msomaji unaendelea naye.

Usiku akirudi nyumbani ni mtu mwingine. Baba yake marehemu alikuwa daktari, akamwachia nyumba na maktaba. Lou anasoma vitabu vya magonjwa ya akili vya lugha za kigeni, na akitaka kujiburudisha anakokotoa hesabu ngumu. Asubuhi anavaa tena ujinga wake pamoja na kofia. Lile lililomo ndani yake analiita ugonjwa. Lilimwanza utotoni, na aliyebeba lawama ni Mike, kaka yake wa kulelewa. Limelala miaka mingi. Kisha anatumwa akamfukuze mjini Joyce Lakeland, mwanamke anayejiuza kwenye nyumba iliyo nje kidogo ya mji, na siku hiyo linaamka. Ongeza Chester Conway, mkandarasi tajiri ambaye mji mzima uko mfukoni mwake, na ambaye Lou ana kisa naye juu ya kifo cha Mike. Lou anapanga mpango. Zaidi ya hapo someni wenyewe.

Nilipofika pale mpango unapoanza kuvuja, na wakubwa wanaanza kupita pita kwa Lou na maswali yao, mke wa inspekta mmoja alinigeukia nikiwa nimeshika nywele zake.

"Lakini hawatamkamata, eh?"

"We dada! Si ameua huyo?" akadakia jirani yake.

"Najua ameua. Hao wanaomfuata ndio wananiudhi."

Thompson angelisikia hilo angefurahi. Amekuweka nyuma ya macho ya Lou, ukatazama kila anayetafuta haki kama msumbufu anayekukatizia chakula. Kuna mahali Lou anawacheka waandishi ambao wakifika penye tukio kubwa wanavuruga maneno na kuacha alama za uandishi; yeye anaahidi kueleza yote kwa mpangilio. Ahadi anaitimiza. Mimi ningependa asingeitimiza.

Kwa maana kitabu hiki kinapiga wanawake, na kinakuonyesha wakipigwa. Sehemu hizo saluni sikuzisimulia. Nilisema tu "hapo alimfanyia ubaya" nikaruka, kwa sababu kwenye kiti changu wamekaa wengi ambao hadithi hiyo wanaijua bila kuisoma. Kama wewe ni mmoja wao, au unasoma kitandani ili upate usingizi, kipitie mbali. Na nina ugomvi na mwandishi: Joyce, na Amy Stanton mchumba wa Lou, tunawaona kwa jicho la Lou peke yake, naye anatuambia kwamba wanapenda kupigwa. Ni Lou anayesema, na Lou ni mwongo tangu ukurasa wa kwanza, sawa. Hata hivyo ningetaka ukurasa mmoja tu ambapo Amy anasikika kwa sauti ambayo Lou hakuipitisha mdomoni mwake kwanza.

Thompson mwenyewe alikuwa mtoto wa sherifu wa Oklahoma. Niliposoma habari hiyo nilicheka, nikasema kumbe ni mtoto wa kambi mwenzangu. Ndiyo maana anajua jinsi mji unavyomtazama mwenye beji: wanamwona kila siku, hawamtazami usoni. Hakufaidi sana. Alipokufa mwaka 1977, Marekani hapakuwa na kitabu chake hata kimoja kilichokuwa kinachapishwa. Sifa zilikuja yeye hayupo.

Nakala yangu ni ya mtumba, nimeipata kwa wauza vitabu wa barabarani karibu na Old Taxi Park, kituo cha zamani cha teksi hapa Kampala, kwa shilingi 10,000, baada ya kupatana kutoka 20,000. Karatasi zimekuwa za rangi ya chai lakini hakuna ukurasa uliopungua. Ni kitabu chembamba, Kiingereza chake chepesi. Aliyemaliza S4, yaani kidato cha nne, hatahitaji kamusi mara nyingi. Mwisho umenipa shaka kidogo, kelele zimezidi, ila mke wa inspekta aliupenda.

Filamu zipo mbili, ya 1976 na ya 2010. Ya 2010, yenye Casey Affleck, niliizima katikati. Kwenye skrini unamtazama Lou akifanya. Kwenye kitabu anakueleza kwa upole kwa nini, na unajikuta unaitikia kwa kichwa. Anzeni na kitabu. Na msije kuniazima, kwa sasa kiko kwa inspekta mwenyewe, ameomba asome peke yake.